Zao Linalongoja na Zao Lisilongoja

Mkorosho hubeba masoko mawili kwenye kikonyo kimoja. Juu kuna bibo, laini, lenye maji na ukakasi, ambalo likishadondoka halimalizi siku mbili bila kuchacha. Chini yake imening'inia korosho yenyewe, ngumu, ambayo ikianikwa vizuri na kutiwa guniani inaweza kukaa ghalani miezi kadhaa ikisubiri meli. Kwa ajili ya kile cha chini nchi imetunga sheria, imeunda bodi, vyama, stakabadhi na minada. Kile cha juu huliwa na watoto, wachache hukikamua wakatengeneza pombe, na sehemu kubwa huozea shambani. Mgawanyo huu hauishii kwenye mkorosho. Ukitazama jinsi misimu ya mauzo inavyofunguliwa Kibaha na Kisarawe, utaona kwamba mazao yanayoweza kungoja tumeyaandalia soko lenye utaratibu, na yasiyoweza kungoja tumeyaachia barabara. Mkulima naye hayuko katika soko moja kati ya hayo. Yumo katika yote mawili, mwaka mzima, kwa sababu kila moja linampa kile ambacho jingine linamnyima. Mnada una mizani, ila fedha yake inachelewa. Barabara ina fedha taslimu, ila haina mizani. Nitajaribu kuonyesha kwamba matatizo mengi tunayoyalalamikia kila msimu unapofunguliwa, kuanzia kangomba hadi lumbesa, yanazaliwa kwenye ufa uliopo kati ya masoko hayo mawili, na kwamba kuyashughulikia moja moja hakujatufikisha mbali.

Tuanze na soko linalofunguliwa kwa hotuba. Kila mwaka, vuli inapokaribia, viongozi wa mikoa inayolima korosho hutangaza msimu. Kusini hutangulia, Pwani hufuata. Vyama vya msingi, hivi tunavyoviita AMCOS, hufungua maghala yao vijijini, chama kikuu cha mkoa, CORECU, huratibu, Bodi ya Korosho husimamia, na mkuu wa mkoa au wa wilaya husimama mbele ya wakulima kuwahimiza waanike korosho zikauke, wasichanganye takataka, wasiuze kwa walanguzi. Nyuma ya hotuba hizo kuna mfumo uliotokana na Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005, ulioanza kwa korosho mkoani Mtwara katika msimu wa 2007/2008, ukasambaa hadi mikoa mingine, kisha ukaingia kwenye ufuta na mbaazi. Mkulima hufika ghalani na kiroba chake. Karani huingiza mkono ndani, huchota korosho, huzigonganisha kusikia kama zimekauka, hutazama kama zina madoa au zimesinyaa. Kiroba huwekwa kwenye mizani, kilo na daraja huandikwa, korosho humiminwa kwenye gunia la juti la kilo 80, na mkulima huondoka na karatasi. Mzigo ukijaa hupelekwa ghala kuu, wanunuzi huweka bei zao, kisha wenye korosho huulizwa kama wanakubali au wanakataa.

Hapo pa kukubali au kukataa panahitaji kutazamwa kwa makini, maana watu wa mjini hupapita wakidhani ni jambo la kawaida. Mwenye mikorosho kumi na tano kule Maneromango, akiwa peke yake, hana namna ya kumkatalia mnunuzi anayepeleka shehena India au Vietnam. Akiwa na wenzake elfu moja ghalani, anaweza. Oktoba 2018 wakulima wa Kusini walikataa hadharani bei zisizofika shilingi 3,000 kwa kilo, na nchi nzima ikasikia. Msimu wa 2024/2025, mauzo yalipohamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, bei katika mnada wa kwanza huko Kusini ilivuka shilingi 4,000, na kila aliyetaka kujua alijua siku ileile. Anayesema mfumo huu ni mzigo mtupu uliotwishwa mkulima anasahau tulikotoka. Mwaka 1973/74 Tanzania ilikusanya takriban tani 145,000 za korosho. Miaka kumi na mitatu baadaye zilikuwa hazifiki tani 20,000. Watafiti wanataja ugonjwa wa ubwiri unga, watu kuhamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao, na bei ndogo iliyopangwa na mamlaka bila kumuuliza mkulima. Wafanyabiashara binafsi waliporuhusiwa kununua mwanzoni mwa miaka ya 1990, uzalishaji ulipanda, hilo halina ubishi. Lakini walikuja na mizani zao wenyewe, na mwenye mizani ndiye aliyejua kilo.

Kwa hiyo naukubali mnada. Ninachoukosoa ni muda wake. Kati ya siku korosho zinapoanguka na siku fedha inapoingia benki kuna safari ndefu: magunia yafike, mzigo ujae, ghala kuu lipokee, mnada uitishwe, bei ikubaliwe, mnunuzi alipe, benki igawe, makato yatolewe. Hayo makato huitwa mjengeko wa bei, na humo kila mtu ana fungu lake: halmashauri, chama cha msingi, chama kikuu, ghala, msafirishaji. Hakuna hatua hata moja katika hizo iliyo ya kipuuzi, na kila moja ina mtu anayeweza kuitetea. Zikijumlishwa, zinampa mkulima wiki za kuishi na karatasi mfukoni. Kwa Pwani jambo hili ni zito kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa mavuno yake hukutana na mvua za vuli. Korosho iliyookotwa kwenye nyasi mbichi na kukaa nyumbani chini ya bati linalovuja hunyonya unyevu, hubadilika rangi, na iliyokuwa daraja la kwanza ikishuka hadi la pili hakuna wa kulipia tofauti. Hasara ya kungoja inamwangukia yeye peke yake. Wengine wote katika mjengeko wa bei fungu lao liko palepale.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa mwaka huohuo wa 2018. Wakulima walipogomea bei, Rais John Magufuli aliamua mwezi Novemba kwamba serikali inunue korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na Jeshi la Wananchi likapewa kazi ya kuisomba. Kwa bei, ulikuwa ushindi. Kisha ukaja uhakiki: waliopeleka zaidi ya kilo 1,500 walilazimika kuthibitisha kwamba wana mashamba ya kutoa kiasi hicho, ili walanguzi wasijipenyeze. Nia ilieleweka. Ila malipo yakasuasua, na mwaka uliofuata bado kulikuwa na wakulima wanaodai. Bei nzuri isiyolipwa Januari, watoto wanapohitaji sare na madaftari, inampeleka mkulima kwa mkopeshaji ambaye riba yake hailingani hata kidogo na hiyo nyongeza ya bei.

Hapa ndipo kangomba, mlanguzi wa korosho, anapoingia, na nadhani tumemweka mahali pasipo pake. Kila msimu huhutubiwa kama mhalifu wa kufukuzwa. Yeye huja Agosti au Septemba, kabla maghala hayajafunguliwa, na noti mkononi na bakuli la kupimia. Bakuli hilo hujazwa kwa kichuguu, na kinachoitwa kilo hapo huzidi kilo. Hununua hata maua: mkulima anakopeshwa fedha sasa, atalipa kwa korosho atakazovuna. Huo ni unyonyaji, sina neno la kumtetea. Lakini mwenye njaa hana miiko, na mtu anayeuza kwa nusu ya bei akijua fika kwamba anauza kwa nusu ya bei hahitaji kuelimishwa kuhusu bei. Anahitaji shilingi za palizi na za hospitali, na anazihitaji leo. Kangomba hauzi chochote ila muda. Tukimkamata mmoja na kuacha pengo la miezi miwili kati ya shida na fedha, atakuja mwingine usiku, kwa pikipiki, na Kisarawe iko karibu mno na Dar es Salaam, ambako kila kona kuna mtu anauza korosho za kukaanga kwenye vifuko, kwa mzigo huo kukosa mahali pa kwenda.

Mtu anayeijua historia ya mfumo huu atanipinga hapa kwa haki kabisa. Atasema: malipo ya haraka yalishajaribiwa. Miaka ya mwanzo ya stakabadhi ghalani, vyama vilikopa benki na kumlipa mkulima sehemu ya kwanza alipofikisha korosho, iliyobaki akilipwa baada ya mnada. Kilichotokea tunakijua. Bei ya dunia ikashuka, riba ikala, na Aprili 2013 huko Liwale wakulima walioahidiwa malipo ya pili ya shilingi 600 kwa kilo walipoletewa 200, nyumba za viongozi zilichomwa moto. Ndiyo maana ikaonekana ni salama kulipa mara moja, baada ya mnada, moja kwa moja kwenye akaunti ya mkulima. Hoja hii ina uzito, na anayetaka kurudisha utaratibu wa zamani kama ulivyokuwa hajaisikia. Lakini tuangalie vizuri kilichoanguka Liwale. Chama kilikopa kwa niaba ya wote kwa kubashiri bei, kikaahidi malipo ya pili kana kwamba bei hiyo imeshapatikana, na hesabu ya riba haikuwa wazi kwa aliyekuwa akiilipa. Mtu mmoja kukopa kiasi kidogo, kwa dhamana ya stakabadhi yake mwenyewe yenye kilo zilizokwisha kupimwa, ni jambo tofauti. Sheria ya 2005 ilikusudia hasa hilo, karatasi ya ghala iwe dhamana. Kwa mkulima mdogo wa Mzenga au Soga karatasi hiyo imebaki kuwa risiti tu.

Sasa twende barabarani. Huku hakuna anayefungua msimu wala kuufunga. Maembe yakiiva kati ya Novemba na Januari, Barabara ya Morogoro kuanzia Mailimoja hadi Mlandizi huonyesha kwamba msimu umefika bila mkuu wa wilaya kusema neno: dodo, bolibo, sindano, kwenye ndoo, kwenye mafungu, kwenye matenga yaliyofunikwa majani. Mihogo ya Kisarawe haina hata msimu, hutoka mwaka mzima kuelekea kwa wakaangaji wa Dar es Salaam na chachandu zao. Fedha ni taslimu, hapohapo, bila daraja, bila mjengeko wa bei. Mtu anayechukizwa na urasimu wa mnada akitaka kuona uhuru, auone huku.

Lakini autazame kwa karibu. Muhogo mara nyingi hauuzwi kwa kilo wala kwa gunia, huuzwa ukiwa ardhini. Mchuuzi hupita shambani, hung'oa mashina mawili matatu, hukadiria kwa macho, hutaja bei ya shamba zima au ya matuta kadhaa, na vijana wake wakaja kuchimba. Mwembe nao huuzwa mti mzima, pengine ukiwa bado na maua. Katika makadirio hayo mmoja anakadiria kila siku ya mwaka, mwingine mara moja kwa msimu, na si vigumu kujua nani huwa sahihi. Mzigo ukifika kwenye magunia, lumbesa inaanza: gunia hujazwa mpaka mdomoni, kisha huongezewa kichwa cha kamba na neti juu yake, likasimama kama mtu aliyevaa kilemba. Kanuni za vipimo zinataka mazao yafungashwe kwa uzito usiozidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wamelisema hilo miaka nenda rudi. Gunia lenye kilemba huhesabika moja wakati mkulima analipwa, likafika sokoni mjini likafunguliwa na kuuzwa kwa sado, mpaka tone la mwisho. Hata ushuru wa halmashauri, pale unapotozwa kwa gunia, hupunjwa na kilemba hichohicho. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwenye lumbesa daftari lipo, limeandikwa gunia moja, nalo ndilo linalodanganya.

Kuna atakayecheka. Atauliza kama ninataka mama anayeuza maembe manne kwa fungu pale stendi ya Kibaha anunue mizani yenye muhuri wa Wakala wa Vipimo. Hapana. Fungu halina kasoro. Mnunuzi analiona lote, analipapasa, anaomba nyongeza, anasogea kwa jirani kama hakuridhika, na wote wawili wanaondoka wakijua walichopeana. Ni kipimo cha watu walio sawa. Tatizo liko hatua moja nyuma, kwenye jumla, pale muuzaji ni mmoja na amechoka, mnunuzi ana gari na ana haraka, na zao litaharibika kabla ya kesho kutwa. Kadiri zao linavyooza upesi ndivyo mizani inavyohitajika zaidi, kwa sababu mwenye embe lililoiva hawezi kusema nalirudisha nyumbani nikalisubirie bei. Sisi tumefanya kinyume: mizani zilizokaguliwa tumezipeleka kwa korosho, ambayo ingeweza kujitetea kidogo kwa kukaa, na embe tumeliacha lipimwe kwa macho ya anayelinunua.

Wapo wanaosema, kama soko la muhogo linakwenda lenyewe, basi na korosho iachwe iende vivyo hivyo, ushindani utawanyoosha wanunuzi. Ningelikubali hili kama kungekuwa na ushindani shambani. Barabarani upo. Shambani, kilomita kumi ndani kutoka lami huko Vikumburu, mvua ikinyesha anafika mchuuzi mmoja au hafiki kabisa, na anayefika anajua kwamba ni yeye tu. Uhuru wa kuchagua mnunuzi ambaye hajafika hauna faida kwa mtu. Upande wa pili wapo wanaosema kila zao liingizwe kwenye stakabadhi ghalani, hata mbogamboga. Hao nao wamesahau bibo. Ghala lina maana kwa kitu kinachokaa, na kulazimisha foleni ya karatasi kwa nyanya ni kuzihukumu zioze kwa utaratibu.

Kwamba mizani na fedha ya haraka vinaweza kukaa pamoja si ndoto. Ethiopia ilianzisha soko lake la bidhaa mwaka 2008, likiongozwa na mchumi Eleni Gabre-Madhin, na sifa yake kubwa tangu mwanzo ilikuwa kumlipa muuzaji siku inayofuata baada ya mauzo. Mnunuzi alitakiwa kuweka fedha kwanza ndipo anunue, hivyo hakuna aliyekaa na mzigo wa mtu huku akitafuta mkopo. Halikukosa dosari. Kahawa za sehemu mbalimbali zilichanganywa kwa daraja mpaka asili ya shamba ikapotea, jambo lililowaudhi wanunuzi wa kahawa bora, na aliyelipwa haraka mara nyingi alikuwa mfanyabiashara aliyeikusanya, si mkulima. Hata hivyo lilithibitisha kwamba kuchelewa kwa malipo si sheria ya maumbile. Ni suala la nani anayetakiwa kutangulia kuweka chake mezani. Kwetu anayetangulia ni mkulima, anaweka korosho zote, na mnunuzi anafuata kwa wakati wake. TMX inaweza kulipindua hilo ikitaka, maana mfumo wa kielektroniki unaoweza kuonyesha bei kwa dakika hauna sababu ya kitaalamu ya kushindwa kuthibitisha kwamba fedha ya mnunuzi ipo kabla hajaruhusiwa kutaja bei.

Kwa upande wa barabara kazi ni ndogo zaidi na ya gharama nafuu, na pengine ndiyo maana haina anayeigombea. Mizani ya kilo 300 chini ya paa la bati pale Masaki, pale Mlandizi, pale Maneromango, inayokaguliwa, ambayo mkulima yeyote anaweza kupimia mzigo wake kabla mchuuzi hajataja bei. Si lazima auze kwa kilo siku hiyo. Akishajua gunia lake lina kilo 140, mazungumzo yanabadilika hata kama noti hazijabadilika. Lakini nani aweke? Hapa lazima tuseme ukweli kuhusu halmashauri. Mnada wa korosho na ufuta unaipa halmashauri ushuru wa uhakika, unaokatwa kabla mkulima hajaiona fedha, ndiyo maana ufunguzi wake una mahema na hotuba. Tangu Julai 2017 ushuru wa mazao ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, na anayesafirisha mzigo usiozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine akasamehewa. Ulikuwa uamuzi mzuri kwa mkulima mdogo na kwa mchuuzi wa pikapu. Matokeo yake pia ni kwamba pikapu ya mihogo inayotoka Kisarawe kwenda Gongo la Mboto haiiletei halmashauri hata senti, na mizani ya kuipimia ingekuwa gharama isiyorudi. Kumwachia kazi hiyo mtu asiye na sababu ya kuifanya ni kuamua isifanyike. Wakala wa Vipimo, ambao hawaishi kwa ushuru wa mazao, ndio wenye nafasi ya kuanza, na mahali pa kuanzia ni pale gunia linapofungwa, kijijini, badala ya kungojea kwenye kizuizi cha barabara ambako kosa limeshatendeka, mkulima ameshalipwa, na faini inaishia kuongezwa kwenye bei ya gunia linalofuata.